Devota na Magunia Saba

Watu wa Ihumwa wakimtaja mwanangu Devota siku hizi hushusha sauti, kisha hugeuka kuangalia kama nipo karibu. Mimi huwa nipo karibu. Napika na kuuza chakula mbele ya geti la kiwanda cha alizeti, na mtu mwenye sufuria motoni haendi mbali. Nawasikia wanavyomsimulia, wengine kwa huruma, wengine kwa kuongeza chumvi. Nimeona heri nimsimulie mwenyewe, maana nilimzaa na mengi yalitokea mbele ya macho yangu.

Nilijaliwa watoto wawili tu. Devota alitangulia. Daudi alikuja baadaye sana, wakati watu walishaacha kuniuliza. Sasa Daudi yuko kwenye makaburi ya upande wa reli. Aliangukiwa na mzigo wa winchi pale pale kiwandani, mchana kweupe, na swichi iliyotakiwa kuukataa mzigo ule ilifungwa na dada yake. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asidhani namfichia mwanangu. Tangu tulipotoka makaburini, moyo wangu ulishikwa na jambo moja: nisimpoteze na huyu aliyebaki.

Devota alipenda kufungua vitu tangu akiwa mdogo. Baba yake, Elieza, alikuwa na redio ya betri, na nadhani aliipenda kuliko mbuzi wake. Siku moja tulirudi kutoka shambani tukaikuta imelala chali, imefunguliwa tumbo, na mtoto amekaa kando yake anaimba. Mimi nilitafuta fimbo. Elieza akanizuia. Devota akairudisha redio, akafunga, skrubu mbili zikabaki mkononi, akawasha, ikaongea.

"Huyu amefanya upasuaji," Elieza alisema, akacheka mpaka machozi. "Mgonjwa amepona na vyuma vimebaki!"

Kwa hiyo Elieza ndiye aliyeuza mbuzi ili Devota aende chuo cha ufundi mjini. Kaka mkubwa wa Elieza, Batholomeo, alikuja nyumbani kwetu kupinga. Sisi Wagogo tunaheshimu neno la mkubwa, lakini siku ile Elieza hakulipokea.

"Binti wa kupanda nguzo za umeme," Batholomeo alisema. "Nani atamtolea mahari?"

"Atakayechoka kukaa gizani," Elieza akajibu.

Batholomeo alikasirika, kisha akashindwa, akacheka na yeye. Siku ya kuanza masomo Elieza alimbebea Devota sanduku mpaka mlangoni mwa bweni. Mlinzi akamwambia wanaume hawaingii. Akasimama nje ya uzio mpaka Devota alipotokea dirishani kumpungia mkono. Hivyo ndivyo baba yule alivyompenda binti yake. Naomba mlikumbuke hilo.

Devota akawa fundi umeme wa viwandani. Alizunguka kwenye mashine za kusaga, za kukoboa, za kukamua mafuta. Jioni akirudi alikula ugali wa uwele na mlenda huku akinieleza kazi yake ya siku ile, nami nilisikiliza. Darasa langu la saba halikunifundisha umeme, lakini mtu akikueleza jambo kwa mapenzi, hata kama hulijui, linaingia.

Daudi hakupenda shule. Alikuwa na mabega na utani, akapata kazi ya kupakia magunia kiwandani. Mle ndani magunia ya alizeti hupandishwa juu, kwenye mdomo wa mashine ya kukamulia, kwa winchi. Yanapangwa chini juu ya jukwaa la chuma, mwendesha winchi anabonyeza kitufe, kamba ya chuma inavuta, jukwaa linapanda. Msimu wa mavuno kila mtu ana haraka, na ile winchi ilikuwa inabebeshwa mpaka inaguna. Mwenye kiwanda, mzee Jamaldini, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani pale mjini, hakuwa mtu mbaya. Aliisikia ile sauti akaogopa. Akamwita Devota.

"Binti yangu, nataka kitu cha kuizuia. Ukiwaambia watu wasizidishe, wanazidisha. Nataka winchi yenyewe iseme hapana."

"Ipo swichi ya hivyo, mzee," Devota alimwambia. "Inahisi uzito."

Walikwenda mjini kuitafuta, yeye na Daudi. Jioni Daudi alitusimulia huku amesimama katikati ya uwanja, anaigiza.

"Baba, dada amemtoa jasho muuza duka leo! Kaletewa swichi ya kwanza, kaikataa. Ya pili, kaikataa. Anaibonyeza, anaisikiliza sikioni, anaigeuza, kama mtu anayechagua mchumba."

"Mchumba ningemchagua hivyo ningekuwa nimeshaolewa," Devota alisema, nasi sote tukacheka.

Kisha akanieleza kwa nini alikataa. Kuna swichi ambayo ikibanwa inaunganisha umeme, na kuna nyingine ambayo ikibanwa inakata. Muuza duka alimpa ya kuunganisha kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo nyingi.

"Mama, panya akila waya wa ile ya kuunganisha, itanyamaza tu. Winchi itaendelea kubeba na hakuna atakayejua kwamba swichi imekufa. Hii ya kukata, waya ukiliwa, winchi inasimama, watu wanauliza kulikoni."

Alitaka pia yenye mpira kwenye kifuniko, maana vumbi la maganda ya alizeti huingia kila mahali, na yenye mkono wa chuma, si wa plastiki. Akaipata. Aliifunga juu, pale kamba ya chuma inaposhikiliwa, karibu na springi nene. Mzigo ukivuta, springi inabanwa. Ukizidi kipimo, springi inafika kwenye ule mkono, swichi inakata. Nyaya zake alizipitisha kwenye njia ya kupanda peke yake.

"Ikizidi inakataa kupanda," aliniambia, "lakini inakubali kushuka. Mzigo usiachwe unaning'inia vichwani mwa watu."

Alikuwa anawaza vichwa vya watu. Hilo nalirudia kila mtu anaponiuliza.

Ikabaki kuweka kipimo. Winchi ile imeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni nusu tani. Gunia la alizeti, kwa hesabu ya kila mtu pale, ni kilo sabini. Saba yanaingia, nane hayaingii. Mizani ilikuwa getini na wakulima wamejipanga na mizigo yao, na magunia yalikuwa pale pale chini ya winchi, yametoka Chemba asubuhi ile, yamejaa, yameshonwa juu kwa kamba. Wakapanga saba. Devota akakaza skrubu ya springi kidogo kidogo mpaka jukwaa likapanda. Wakaongeza la nane. Mwendesha winchi, Shaibu, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Jamani, winchi imegoma!" Daudi alipiga kelele. "Inataka posho!"

Watu walipiga makofi mpaka nikayasikia huku nje kwenye sufuria zangu. Mzee Jamaldini aliagiza soda. Devota akamwambia Shaibu mbele ya wote, "Ni saba. Hata bosi akikuamuru, ni saba."

Msimu ule ukapita salama. Ulipofika mwingine, katikati ya mavuno, nilikuwa nachota maharage niliposikia mlio kama wa bati kubwa linalopasuka. Halafu vumbi likatoka mlangoni. Kamba ya chuma ilikuwa imekatika jukwaa likiwa karibu na juu. Daudi alikuwa amesogea chini yake kuvuta gunia lililomwagika njiani. Sitasimulia zaidi ya hapo. Nilimfikia, nikamshika mguu, ulikuwa wa moto bado kwa jua.

Kwenye msiba, maneno yalianza kabla hata maturubai hayajafungwa vizuri. Watu walisema ni Shaibu. Kila anayejua viwanda vidogo anajua kwamba swichi ikisumbua, mwendesha mashine hukata kipande cha waya akaunga pembeni ili umeme upite bila kuulizwa. Wanaita kuweka daraja. Walisema Shaibu ameweka daraja ili apandishe mengi amalize kazi mapema. Na Shaibu hakuja msibani, hilo likawatosha.

Devota hakulia. Alikaa kwenye mkeka kando yangu, macho makavu, akasema, "Nitaifungua ile swichi, mama. Daraja lake nitalileta hapa mkononi, baba alione."

Tulipomaliza kuzika, kabla ya kuanua matanga, aliuchukua mfuko wake wa vifaa akaondoka. Nilimfuata. Sikuwa na shughuli kule, ila niliogopa atakachomfanyia Shaibu, na niliogopa zaidi atakachojifanyia mwenyewe.

Kiwanda kilikuwa kimesimama. Wakaguzi walikuwa wamekuja wakapiga picha, wakakataza winchi isiguswe mpaka watakaporudi. Mzee Jamaldini alimwangalia Devota, akaangalia kanga yangu ya msiba, akashindwa kukataa.

"Tazama tu, binti yangu. Usibadilishe kitu."

Shaibu alikuwa amekaa juu ya debe pembeni. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama Devota."

Sikuitikia. Devota akapanda ngazi. Nilimwona akifungua kifuniko, akachungulia, akatulia. Kisha akaanza kufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye swichi, ukutani, mpaka kwenye kisanduku cha umeme, akarudi nao tena mpaka juu.

"Shaibu."

"Naam, dada."

"Nani amefungua hapa?"

"Hakuna mtu, dada. Hata kifuniko sijui kinafunguka vipi."

Devota akaubonyeza ule mkono wa chuma kwa dole gumba. Ikasikika *ta*. Akaachia, akabonyeza tena, *ta*.

"Inakata," alisema. Ilikuwa nzima kama alivyoiacha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari mbaya.

"Siku ile ulipandisha mangapi?"

"Saba. Si uliniambia saba?"

"Hata siku moja hukupandisha nane?"

"Bosi mwenyewe aliniamuru nane, tukagombana mbele ya watu. Nikamwambia bonyeza mwenyewe. Akabonyeza, ikakataa. Muulize, huyo hapo."

Mzee Jamaldini aliangalia chini. "Ni kweli," alisema. "Ilinikatalia."

Devota akashuka. Magunia ya siku ile yalikuwa bado yamelala pale, mengine yamepasuka. Akasimama mbele ya moja lililo zima, akalitazama kuanzia chini mpaka juu. Nami nikalitazama. Lilikuwa gunia kama magunia yote: limejaa mpaka mdomoni, halafu juu ya mdomo limeongezwa kichwa, limefumwa kwa kamba kushikilia kile kichwa. Lumbesa. Serikali inaikataza kila mwaka na wanunuzi wanaidai kila mwaka. Huku kwetu mtoto hukua akiona gunia lina kichwa. Ukimwonyesha lisilo nacho atauliza nani amelipunguza. Kwa hiyo mtu akisema gunia, hilo ndilo gunia, na mtu akisema kilo sabini, anasema alivyosikia wengine wakisema. Ila zile sabini ni za gunia lisilo na kichwa.

"Shaibu," Devota alisema polepole, "leteni mizani."

Waliisukuma kutoka getini, Shaibu na mpakiaji mmoja. Wakaweka gunia. Mshale ukapita sabini, ukapita themanini, ukaja kutulia karibu na mia. Wakaweka lingine, ikawa vile vile. La tatu lilipowekwa Devota alikuwa ameshakaa sakafuni, hakulitazama.

"Haikuwa nusu tani," alisema. "Ilikuwa inabeba theluthi nzima zaidi, mama. Kila siku. Kamba inakatika uzi mmoja mmoja, na swichi inaona ni sawa. Mimi ndiye niliyeifundisha kwamba hiyo ni sawa."

"Dada, mimi nayapakia kila siku," Shaibu alisema. "Sikuwaza."

"Mimi nayanunua," mzee Jamaldini alisema. "Wala mimi sikuwaza."

"Nyinyi hamkuweka kipimo," Devota akajibu. Kisha akageuka kwa Shaibu, akiwa bado sakafuni, akamwambia, "Nisamehe kwa yote yanayosemwa. Nitayaondoa."

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata umbo. Njia nzima ya kurudi nilimshika mkono kama anavuka barabara kubwa.

Batholomeo alilisikia jambo hilo kutoka kinywani mwa Devota mwenyewe, nyuma ya nyumba, jioni ya kuamkia siku ya kuanua matanga. Aliwaza, kisha akasema kwa upole, na nasema kweli, ulikuwa upole.

"Mwanangu, watu wamekwisha kusema ni Shaibu. Yule si wa ukoo wetu, na hajashtakiwa popote. Maneno yamepata pa kukaa. Yaache yakae huko. Baba yako hataweza na hili."

"Shaibu hapiti sokoni, baba mkubwa. Wanamzomea."

"Wataacha."

"Na mimi nitapita sokoni nikiwaona wanamzomea?"

Asubuhi, wakati watu wamejaa na chakula kimepakuliwa, Devota aliinuka. Nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono. Alivifungua vidole vyangu kimoja kimoja, bila nguvu, akasimama katikati ya wanaume na wanawake. Shaibu alikuwa nje ya ua. Devota alikuwa amemwita aje asikie. Devota akasema yote. Kwamba hakukuwa na daraja. Kwamba Shaibu alipandisha saba kama alivyoambiwa. Kwamba kipimo kiliwekwa kwa magunia ya lumbesa, na aliyekiweka ni yeye, fundi.

Mtoto mmoja aliangusha sahani, mama yake akamziba mdomo asilie.

Elieza alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. "Hukupima kwa mizani?" aliuliza.

"Nilipima kwa magunia, baba."

"Kwa magunia," Elieza alisema.

Akaweka sahani chini, chakula hakijaguswa, akatoka kwenda zizini kwa mbuzi. Hakumtukana, hakumlaani, wala hakuinua mkono. Alikwenda tu kwa mbuzi, na kwa binti yake hakurudi tena.

Watu wengine walimjia Devota. Jirani yetu Yasinta alimkumbatia, Shaibu alisimama mbele yake, akamshika mkono tu. Lakini nilimwona Devota akiangalia zizini.

Wakaguzi waliporudi, mzee Jamaldini alitakiwa kununua kamba mpya na ndoana mpya na kuweka upya kipimo. Wakamshauri atafute fundi mwingine. Devota akaenda kumwomba.

"Niache niiweke mimi, mzee. Baada ya hii sitakuomba kazi."

Wakaguzi wakakubali, kwa sharti wawe wamesimama pale. Safari hii nami niliingia mpaka ndani. Alileta mifuko ya saruji kutoka duka la vifaa, ile ambayo imepimwa kiwandani, na bado kila mfuko akaupitisha kwenye mizani kwanza. Akapanga mpaka nusu tani. Akalegeza skrubu, akakaza, akalegeza. Jukwaa likapanda. Akaongeza mfuko mmoja juu, akamwambia Shaibu abonyeze. Kimya. Abonyeze kushuka. Likashuka. Walirudia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyepiga makofi. Mwisho wakajaribu kwa lumbesa: matano yakapanda, la sita likakataliwa. Akachukua rangi nyekundu akaandika ukutani kwa herufi kubwa, MATANO TU, akafunga kifuniko, akafuta vumbi la maganda kwenye mpira wake kwa upindo wa kanga.

Alipofika nyumbani alitundika mfuko wake wa vifaa kwenye msumari chumbani kwake. Akakunja nguo zake. Alisema anakwenda Chemba, kwa dada yangu Dorothea, anayeuza chai mnadani.

"Baba yako atapoa," nilimwambia. "Mpe muda. Mwanamume akiumia hajui kuongea."

"Mama, angenitukana ningebaki."

"Na mimi je? Mimi nimekutukana?"

Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono yake ile yenye makovu madogo ya waya. "Wewe kila ukiniangalia unaogopa," alisema. "Siwezi kukaa nyumba hii, mmoja haniangalii na mwingine haachi kuniangalia."

Na hata alipokuwa akisema hivyo nilikuwa namwangalia.

Sasa yuko Chemba. Dorothea ananiambia anaamka mapema, anawasha moto, anauza chai kwa wafugaji, haongei sana. Kuna siku mtu wa pale alileta taa yake ya sola iliyokufa, akauliza kama kuna anayejua. Devota akasema hapana, hapa hakuna.

Winchi inafanya kazi. Nikiwa getini nasikia inavyovuta, na mara nyingine, msimu wa haraka, nasikia inanyamaza ghafla, halafu sauti ya Shaibu: "Toeni moja! Someni ukuta!" Wapakiaji wapya humcheka kwamba ana woga wa kizee. Yeye huwaambia washushe, na wanashusha.

Juzi Devota alipiga simu jioni, Elieza amekaa karibu nami anashona kamba ya mbuzi. Simu yangu ina sauti kubwa, hakuna siri ndani yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shaibu anapandisha mangapi?"

"Matano."

"Hawamlazimishi?"

"Wanamlazimisha. Hakubali."

"Haya." Nikasikia ng'ombe nyuma yake, na watu wanabishana bei. "Baba yupo?"

Nilimtazama Elieza. Mkono wake ulikuwa umesimama na sindano. Nilingoja. Niliinyoosha simu kidogo upande wake, hivi, bila kusema kitu. Aliitazama simu, midomo yake ikasogea. Kisha akainuka, akachukua kamba yake, akatoka.

"Yuko nje," nilimwambia Devota. "Anafungia mbuzi."

"Haya, mama," alisema. "Mwache awafungie."